Kompyuta imejaa? Usianze kufuta nyimbo za watu: ukweli wa sakata la prodyuza na staa wetu wa Bariadi

Mwangaluka wana Simiyu wote, kuanzia Lamadi mpaka Mwanhuzi, na ninyi mlioko Dar mnaojifanya mmesahau Kisukuma, tunawaona.

Leo sina picha za pati wala habari za nani kaachana na nani. Leo nina deni. Wiki kadhaa zilizopita niliposti hapa kwamba prodyuza mmoja wa hapa Bariadi anadaiwa kuuza kazi za staa wetu wa nyimbo za Kisukuma kwa mpinzani wake wa upande wa Maswa. Mnaikumbuka. Komenti zilimwagika mpaka simu yangu ikapata moto. Mmoja akasema ameona risiti, mwingine akasema binamu yake alikuwepo mzigo ukikabidhiwa. Kuna aliyeandika kwamba prodyuza ameshanunua bodaboda mbili kwa hela hiyo.

Ilikuwa uongo, wadau. Hakuna aliyeuza kitu. Nyimbo zilifutwa. Zilifutwa na dogo wa miaka 19, kwa sababu kompyuta iliandika kwamba imejaa, na kilichoijaza hata hakikuwa nyimbo.

Majina kapuni kama kawaida yetu. Staa nitamwita Ng'wana Kapuni. Prodyuza atabaki prodyuza, dogo atabaki dogo. Anayewajua akae kimya, watu wanaishi mtaa mmoja.

Nianze na jinsi nilivyojua. Saa sita usiku inaingia meseji: "Shikamoo dada, samahani kwa kukusumbua usiku. Yule braza hajauza kitu. Ni mimi nilifuta. Anavumilia matusi kwa ajili yangu na mimi sili, silali." Nikakaa kitandani naisoma mara tatu. Mimi ndiye niliyewasha ule moto, halafu anayeungua ni mtu ambaye kosa lake kubwa ni kumficha kijana wake.

Kesho yake nikampigia prodyuza. Nilijua atanitukana. Akasema tu, "Njoo uone mwenyewe, halafu uandike na hiki." Nikamchukua fundi mmoja wa kompyuta wa Somanda ninayemwamini, tukaenda.

Ilikuwaje? Prodyuza alikuwa Lamadi anashuti harusi. Studio kamwachia dogo, na kazi ya dogo ilikuwa moja: kumalizia kueditia harusi nyingine, ya watu wa hapa mjini, ambao walishaanza kupiga simu kila saa. Katikati ya kazi programu ya kueditia ikagoma, ikasema nafasi imekwisha. Dogo akafungua kompyuta, akaona kile kimstari cha diski kimekuwa chekundu. Akapanik. Akaangalia ni folda gani ina jina la kizamani, akakuta moja imeandikwa "ZA ZAMANI 2016-2019". Ina GB 58. Akashika Shift, akabonyeza Delete, akasema ndiyo.

Ndani ya folda ile kulikuwa na nyimbo hamsini na kitu. Si zile mp3 mnazorushiana, hapana. Ni kazi zenyewe: sauti peke yake, ngoma peke yake, kinanda peke yake, kila kitu kwenye trak yake. Wimbo wa dakika 5 wenye trak 24 zilizorekodiwa kwa ubora wa studio unakula karibu GB 1. Kwa hiyo ukiona prodyuza ana folda ya GB 58 usishangae, hizo ni nyimbo tu.

Na humo ndimo ulimokuwa ule wimbo wa 2017 ambao babu yake Ng'wana Kapuni anaongea mwanzoni kabla ngoma haijaingia. Yule mzee alikuwa kiongozi wa ngoma enzi zake, watu wa rika la wazazi wetu wanamjua. Hakuwahi kurekodiwa studio kabla ya hapo, na hakurekodiwa tena, maana mwaka uliofuata alifariki. Ng'wana Kapuni alipopanda jukwaani Nyakabindi mwaka 2018, ile Nane Nane iliyofanyika kitaifa kwetu kwa mara ya kwanza, alifungua na wimbo huo. Mama yangu alilia. Mwaka huu amepata kolabo na msanii mkubwa wa Dar, na huyo msanii aliomba kitu kimoja tu: sauti ya babu ikiwa peke yake, ili waijengee wimbo mpya. Ndiyo maana staa alikuwa anamsumbua prodyuza kila siku, na prodyuza kila siku anajibu "kesho, kesho kutwa". Sisi huku nje tukajaza wenyewe katikati.

Sasa kaa chini nikwambie kinachouma zaidi. Kile kimstari chekundu kilikuwa cha diski C. Folda aliyoifuta ilikuwa diski D.

Wengi wetu kompyuta zetu ziko hivyohivyo. Fundi akikuwekea Windows anaikata diski moja vipande viwili, C ya Windows na programu, D ya vitu vyako. Ni diski moja kwa chuma, ila kwa hesabu ni vyumba viwili vyenye ukuta. Ukitoa magunia chumba cha pili, chumba cha kwanza hakipati nafasi hata ya kuweka ndoo. Dogo alifuta GB 58 za historia ya watu, akarudi kuangalia C, bado nyekundu. Hakupata hata MB moja aliyokuwa anaitafuta.

Fundi akafungua programu moja ya bure inaitwa WizTree, akabonyeza kitufe, na ndani ya sekunde chache C yote ikawa imepangwa mbele yetu kuanzia kubwa kwenda ndogo. C ilikuwa na GB 200. Hivi ndivyo nilivyoandika kwenye simu yangu pale pale:

GB 61 zilikuwa kashe ya programu ya kueditia video. Kila ukiingiza video, programu inajitengenezea vifaili vyake vya pembeni ili ifanye kazi haraka, na haivifuti ovyo kazi ikiisha. Vilikuwemo vya harusi za miaka miwili nyuma, ndoa nyingine nasikia zimeshavunjika kabisa ila kashe yake ipo. Vinakaa ndani ya folda iitwayo AppData, ambayo Windows imeificha, kwa hiyo ukipita tu kwa macho huioni. Unavifuta kutoka ndani ya programu yenyewe, sehemu ya Preferences, kwenye Media Cache, na hakuna harusi inayopotea. Ukifungua mradi ule tena inatengeneza upya.

GB 38 zilikuwa muvi za Telegram. Msezoni mzima wa Kikorea, muvi zilizotafsiriwa, na moja imeshushwa mara tatu. Prodyuza akamwangalia dogo. Dogo akaangalia sakafu.

GB 14 zilikuwa Recycle Bin. Vitu walivyodhani wameshavifuta. GB 9 faili za muda za Windows na programu zake. Kuna jingine la GB 6 linaitwa hiberfil.sys, hilo ni la Windows kuhifadhi kilichokuwa wazi kompyuta ikienda kulala ule usingizi mzito. Kama hutumii Hibernate fundi anaweza kulizima, kama unatumia liache. Usiende kulifuta kwa nguvu.

Piga hesabu mwenyewe. Kashe, muvi, Recycle Bin na faili za muda, jumla GB 122. Zaidi ya nusu ya diski. Vyote hivyo ungeviondoa asubuhi ukanywa chai, na hakuna mtu Simiyu nzima angekuja kulalamika, labda dogo na msezoni wake.

Halafu fundi akaingia D, kwa udadisi tu. Akakuta "HARUSI FINAL", "HARUSI FINAL 2" na "HARUSI FINAL YA MWISHO". Harusi ileile, kila moja GB 18. Mteja alishachukua yake kwenye flashi miezi mingi iliyopita. GB 54 za harusi moja, karibu sawa na uzito wa folda iliyofutwa. Hakuna aliyesema kitu kwa muda pale studio.

Ndiyo maana naandika hii. Maoni yangu ni kwamba "kompyuta imejaa" si jibu, ni swali. Pamba ikifika kwenye chama cha msingi inawekwa kwenye mzani kwanza, hakuna karani anayeangalia gunia kwa macho halafu anasema hili limezidi, mwaga. Lakini kwenye kompyuta na simu tunamwaga kwanza. Na tunachomwaga ni kile chenye jina tunalolijua. Picha za mtoto, sauti za WhatsApp za marehemu shangazi, nyimbo za zamani. Vinaonekana, vina majina, kwa hiyo ndivyo vinavyokufa. Kashe haina jina wala sura, imejificha kwenye folda ambayo hukuitengeneza wewe, na inaishi miaka.

Na hili neno "za zamani" jamani. Nani alitufundisha kwamba cha zamani ni takataka? Dogo aliniambia hivyo hivyo: "Dada niliona imeandikwa za zamani, nikajua hazitumiki." Simlaumu sana. Prodyuza mwenyewe ndiye aliyeipa folda jina kama la kabati la viatu vibovu. Lakini muvi za Telegram zilikuwa za mwezi huo huo, mpya kabisa, na ndizo zilizokuwa zinajaza.

Kuna mzee mmoja profesa huko Marekani, Ben Shneiderman wa Chuo Kikuu cha Maryland, mwaka 1990 alikuwa na tatizo la huyu dogo. Maabara yao ilikuwa na diski ya MB 80, nimesema MB, ambazo leo hazitoshi status za shangazi yako za wiki moja, na ilikuwa inatumiwa na watu 14. Ikijaa, hakuna anayejua nani kajaza. Angeweza kuanza kufuta vya wenzake. Badala yake akawaza jinsi ya kuichora diski: kila faili ni kiboksi, na ukubwa wa kiboksi ndio ukubwa wa faili, kwa hiyo mnene anaonekana kwa jicho bila kuulizwa. Ndiyo asili ya zile picha za viboksi vya rangi unazoziona ukifungua WinDirStat au WizTree. Zilianza kwa ajili ya diski iliyojaa, na swali lake lilikuwa hili hili letu.

Kama hutaki kuweka programu yoyote, Windows 10 na 11 zina njia yake: ingia Settings, System, Storage, subiri ihesabu, itakuonyesha programu zimekula ngapi, faili za muda ngapi, folda zako ngapi. Haiendi ndani sana kama WizTree, lakini ingetosha kumwokoa dogo. Angalizo dogo tu hapo, kwenye faili za muda huwa kuna sehemu ya folda ya Downloads. Ukiiweka tiki bila kusoma, imekula kwako. Na jingine, mkinunua diski ya TB 1 mkaona imeandika 931 msimrukie muuzaji wa dukani, hajaiba. Kiwandani wanahesabu kwa elfu elfu, Windows inahesabu kwa 1,024, tofauti inatokea hapo.

Ishu ya flashi nayo niiseme maana najua mtauliza. Ukiona flashi inasema imejaa lakini ukifungua haina kitu, au ina vishotikati tu, usiifomati. Mara nyingi ni kirusi kimevificha vitu vyako, bado vimo. Mpelekee fundi avifichue. Nimeona watu wanafomati flashi ya michango ya msiba, majina yote yanaenda, halafu ugomvi wa ukoo unaanza.

Turudi studio. Naona tayari wengine mnaandika, "Lakini dada, kosa ni la prodyuza, kwa nini hakuwa na kopi?" Sawa. Nilimuuliza hivyohivyo, akanijibu kitu kilichonifunga mdomo. Alisema, "Mtu ananilipa mara moja kwa wimbo, 2017. Halafu anataka nimtunzie mpaka nife. Diski ya nje ni hela kuliko aliyonilipa. Nani analipia kutunza?" Kiukweli ana hoja. Sisi wateja tunalipa harusi, tunachukua flashi, tunaondoka, na mioyoni tunaamini kwamba kule studio kuna kabati la milele lenye kila kitu chetu. Hakuna kabati. Kuna kompyuta moja, feni inalia, dogo anashusha msezoni.

Ila simwachii hivihivi. Kuna tofauti kati ya kutotunza na kufuta bila kumwambia mwenye mali. Kama huwezi kutunza, piga simu: "Kaka, mwezi ujao nasafisha, njoo na diski yako uchukue." Meseji moja. Ng'wana Kapuni angetoka Dutwa kwa miguu kuifuata sauti ya babu yake. Na baada ya ajali kutokea, kumficha ndugu yangu staa kwa wiki kadhaa, hilo ndilo lililokaribisha uongo wetu. Angesema siku ile ile, "Kaka, dogo amekosea, folda imefutwa," kuna mengi yangeokolewa. Na sitii chumvi, nitaeleza kwa nini.

Msidhani ni mambo ya studio za uswahilini tu. Mwaka 1998 pale Pixar, wale wa katuni, mtu mmoja aliandika amri ya kufuta kwenye kompyuta walipohifadhi Toy Story 2. Wahusika wakaanza kutoweka kwenye skrini mmoja mmoja. Wakakimbilia kopi za akiba, wakakuta zilikuwa hazifanyi kazi sawasawa na hakuna aliyekuwa amekagua. Kilichowaokoa ni kwamba mmoja wa viongozi wa utengenezaji, Galyn Susman, alikuwa amejifungua, anafanyia kazi nyumbani, na nyumbani kwake kulikuwa na kompyuta yenye kopi. Walienda kuichukua kwa gari, wakaifunga mablanketi kama mgonjwa. Na mwaka 2019 MySpace walikiri kwamba wakati wa kuhamisha seva wamepoteza nyimbo zilizopandishwa kwa takribani miaka 12. Kampuni kubwa, wasomi, mishahara minono. Kwa hiyo dogo wetu yuko kwenye kundi la heshima, kwa namna fulani.

Sasa kwa nini nasema siku ile ile. Ukifuta kitu kwenye diski ya kawaida, ile ya kuzunguka, kitu hakiondoki palepale. Kinachofutwa ni jina lake kwenye orodha. Mahali pake panaandikwa "wazi", lakini data bado imelala pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Ukiacha kuitumia hiyo diski, fundi ana nafasi nzuri ya kurudisha karibu vyote. (Hizi mpya za SSD ni habari nyingine, nyingi zinajisafisha zenyewe baada ya kufuta, ukichelewa kidogo ndiyo basi.) Diski ya studio hii ilikuwa ya kuzunguka. Habari njema kabisa. Isipokuwa baada ya kufuta, na baada ya kuona C haijapona, dogo akapata akili ya kuhamishia kazi yote ya ile harusi ya mjini kwenye D, kule alikofungua nafasi. Siku mbili nzima anatoa video, anarekebisha, anatoa tena. GB kwa GB. Harusi ya watu wengine ikaandikwa juu ya sauti ya babu.

Prodyuza alirudi kutoka Lamadi akakuta hivyo. Akamtazama dogo, akafunga mlango, akakaa humo mpaka usiku. Hakumfukuza. Na alipoulizwa na staa, akasema kesho.

Mimi nimejifunza kuhusu sisi pia. Babu zetu walikuwa na Bagika na Bagalu, kambi mbili za ngoma, kila moja na dawa zake za kuvuta watu, msimu wa mavuno ukiisha zinakutana uwanjani kupimana ubavu. Mshindi ni aliyevuta umati mkubwa. Sisi tumehamishia kwenye simu, timu hii na timu ile, na mimi nimekuwa yule anayepiga ngoma katikati kwa sababu umati ndio unaonilipa. Ile posti ya kuuza nyimbo ndiyo iliyosomwa kuliko zote mwaka huu. Hii ya leo haitafika hata robo, najua. Ile sijaifuta. Nimeandika juu yake kwa herufi nene kwamba si kweli na nani aliyekosea, yaani mimi, ili anayeishea ashee na aibu yangu. Prodyuza nimemwomba radhi mbele ya dogo na fundi. Wa Maswa naye nimempigia. Alicheka, akasema tangu siku ile namba za wimbo wake zimepanda, nimtukane tena.

Fundi aliomba ile diski aondoke nayo. Akaitoa kwenye kompyuta, akasema isiguswe tena, na kila anachokipata anakiandikia kwenye diski nyingine, si hiyo hiyo. Alitumia PhotoRec, programu ya bure ambayo haijali majina, inatembea kwenye diski nzima inatafuta umbo la faili. Ilichukua karibu usiku wote, na shukrani kwa umeme, haukukatika. Vilivyotoka vilikuwa maelfu ya vipande, vyote vimepewa majina kama f0418824.wav, hujui kipi ni ngoma, kipi ni kikohozi. Nyimbo zilizotoka na trak zake zote ni saba tu. Nyingine vipande. Nyingi zimekatika katikati, unasikia ngoma halafu ghafla inaingia kelele kama redio isiyoshika.

Siku ya pili tukamwita Ng'wana Kapuni. Prodyuza ndiye aliyempigia, mwenyewe, akamweleza kila kitu kwenye simu kabla hajafika. Akafika amenuna, hakusalimia mtu, akakaa. Mkononi ameshika diski ya nje mpya, bado iko kwenye nailoni. Fundi akawa anafungua faili moja baada ya nyingine. Kinanda. Kinanda. Kigelegele cha akina mama. Kimya cha dakika nne. Ngoma. Ilipofika kama saa kumi jioni, kikafunguka kimoja, kinaanza na mtu anasafisha koo. Halafu sauti ya mzee inauliza kwa Kisukuma kama hako kachuma kanamsikia au aongee kwa nguvu. Nyuma yake anasikika kijana anacheka, anamwambia kanasikia babu, we ongea tu. Kile kipande cha kumuuliza kachuma hakimo kwenye wimbo tunaoujua. Kilikatwa.

Ng'wana Kapuni akasema rudisha nyuma. Fundi akarudisha. Ilikuwa sekunde 48 nzima, halafu inaingia kelele. Maneno ya mwisho ya mzee, yale ya baraka ambayo wote tunayajua, kwenye faili hiyo hayapo. Yapo kwenye mp3 tu, na mp3 ina ngoma ndani yake, huwezi kuitoa ikatoka safi.

Fundi akauliza faili aliite nani. Staa akamtajia jina la babu kamili, na mwaka.

Sasa wadau, hapa nawahitaji. Kama una wimbo wowote wa Ng'wana Kapuni wa kabla ya 2019, uliorushiwa stendi, uliobaki kwenye memori kadi ya kisimu cha batani, au CD ya mzee iliyoko juu ya kabati, usiseme tunao huo. Tutumie. Kuna nyimbo ambazo mp3 yake hatuna kabisa, hata yeye mwenyewe hana. Na ule wa babu, tunatafuta kopi yenye ubora kuliko ile ya mtandaoni iliyobanwa mpaka ngoma inasikika kama debe. Inbox iko wazi, usikate faili, usibadilishe jina, itume kama ilivyo. Dogo ndiye anayezipokea na kuzipanga, amejitolea mwenyewe, na ameshaondoa msezoni wake.